Mita Haijui Umri: Kodi ya Majengo na Haki ya Wazee Wetu wa Korogwe

Hotuba ya Kamati ya Ustawi wa Wazee kwenye harambee ya mwaka 2024

 

Kila mwaka kwenye harambee hii tunazungumzia madawati, maji, na vifaa vya wodi kule Magunga. Hayo yapo na mwaka huu pia yatasemwa na kamati zinazohusika. Sisi tumepewa muda mfupi tuseme jambo moja ambalo kwa bei ni dogo na kwa maana ni kubwa. Ni kodi ya majengo inayokatwa kila mwezi kwenye umeme wa nyumba za wazazi wetu, na msamaha ambao sheria imewawekea wazee, lakini hauji mpaka ufuatwe.

Tuanze kwa kuulizana. Katika ukumbi huu, ni nani asiyemnunulia mama yake au baba yake umeme? Wengi wetu tunanunua. Uko Temeke, Ubungo au Arusha, simu inaita, mama anasema giza limeingia. Unatuma shilingi elfu kumi kwa simu, unapata ujumbe, unanakili zile tarakimu ishirini za tokeni na kumtumia. Jirani au mjukuu anaziingiza kwenye mita, taa zinawaka. Kesho yake mama anasema, "Mwanangu, mbona mwezi huu uniti ni chache?" Unamjibu kuwa umeme umepanda, mnayamaliza.

Sasa fungueni ule ujumbe muusome mpaka chini. Mtaona VAT, mtaona REA asilimia 3, mtaona EWURA asilimia 1. Kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, mtaona na kodi ya majengo. Huo mstari mama hajawahi kuuona. Yeye anapokea tarakimu ishirini tu. Anayeuona ni mtoto aliye mbali, ambaye hadai msamaha kwa sababu msamaha si wake. Mwenye haki haoni makato, na anayeona makato hana haki. Katikati ya hao wawili ndipo fedha ya mzee inapopotelea, na hapo ndipo kamati yetu inataka kusimama.

Kwanza tuelezane kodi hii imetoka wapi, maana wengine tunaichanganya na kodi ya ardhi. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja. Kodi ya majengo ni ya nyumba iliyosimama juu ya kiwanja. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1983 ya ukadiriaji wa majengo katika mamlaka za miji, Sura ya 289. Kwa utaratibu wa sheria ile, mthamini alikuja, akapima nyumba, akatazama kuta na paa, akaandika thamani kwenye daftari la uthamini, na kodi ikawa asilimia fulani ya thamani ile. Mwenye nyumba aliyeona amekadiriwa kupita kiasi alikuwa na nafasi ya kuweka pingamizi. Nyumba ambazo hazijathaminiwa zilitozwa kiwango kimoja kwa zote, na katika miji mingi hizo ndizo zilizokuwa nyingi.

Kuthamini ni kazi ghali. Inataka wathamini wa kutosha, na daftari likikaa miaka michache linachakaa, kwa kuwa mji unakua na watu wanaongeza vyumba. Mwezi Julai 2016 ukusanyaji ulianza kuhamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, na baadaye nyumba ya kawaida ikawa inalipa shilingi 10,000 kwa mwaka. Tarehe 20 Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ikaanza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na nyumba ya ghorofa mjini shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Tangu Julai 2023 viwango ni shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Kwa mwaka ni shilingi 18,000 kwa nyumba ya kawaida na shilingi 90,000 kwa kila ghorofa.

Ndugu zetu, tuseme ukweli pande zote mbili. Utaratibu wa LUKU una faida zake. Hakuna foleni, hakuna bili ya kupotea, na mwenye nyumba hashtukizwi na deni la mwaka mzima, mradi ananunua umeme kila mwezi. Kodi nayo si adui. Barabara ya mtaa, mfereji wa maji ya mvua na kituo cha afya havijengwi kwa harambee peke yake, na sehemu ya makusanyo haya hurejeshwa kwenye halmashauri. Hatukuja hapa kufundishana kukwepa.

Lakini tutazame kilichobadilika. Zamani mthamini aliitazama nyumba. Leo anayetoza ni mita, na mita haina macho. Nyumba ya vyumba viwili ya mzee aliyekata mkonge Mgombezi maisha yake yote inakatwa 1,500. Jumba la vyumba kumi lenye bustani na kisima, maadamu halina ghorofa, nalo linakatwa 1,500. Kwa sheria yote mawili ni nyumba ya kawaida. Kwa hiyo, baada ya kiwango kuwa kimoja, umebaki mlango mmoja tu ambapo sheria bado inauliza: humu anaishi nani, na hali yake ikoje? Mlango huo ni msamaha. Ndiyo maana tunausimamia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Msamaha unasemaje? Kwa kifupi, mzee mwenye umri wa miaka 60 au zaidi anasamehewa kodi kwa nyumba moja ya makazi anayoimiliki na anayoishi mwenyewe. Vivyo hivyo mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Shikeni maneno matatu hapo: nyumba moja, anaimiliki, anaishi humo. Mzee mwenye nyumba tatu anasamehewa ile anayolala, zile mbili anazilipia. Nyumba ya kupangisha haiingii. Mzee mwenye fremu ya duka mbele au wapangaji uani asijisemee mwenyewe kuwa anayo haki au hana, aende ofisi inayohusika na kodi hii aulize, nasi tutamsindikiza.

Hapa pana jambo la kuelewa vizuri. Mita inajua namba yake na inajua imenunuliwa uniti ngapi. Haijui kwamba Bibi ametimiza miaka 60 mwezi uliopita. Haijui kwamba Babu hajaona mkono wake wa kulia tangu ajali ya kiwandani. Kama hakuna mtu aliyepeleka taarifa, makato yanaendelea, na hakuna aliyevunja sheria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tatizo letu ni kwamba tunawataka wainame watu wenye magoti mabovu.

Tupige hesabu. Chukua mzee ambaye makato yalipoanza Agosti 2021 tayari alikuwa na sifa zote za msamaha, na umeme amenunua kila mwezi. Kuanzia Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23 kwa shilingi 1,000, sawa na 23,000. Kuanzia Julai 2023 hadi Juni 2024 ni miezi 12 kwa shilingi 1,500, sawa na 18,000. Jumla ni shilingi 41,000. Kwa mwenye mshahara hapa Dar es Salaam hiyo ni chakula cha mchana cha siku kadhaa. Kwa mstaafu wa reli anayesubiri mwisho wa mwezi ni dawa za presha, ni nauli za kwenda Magunga na kurudi, ni sukari na unga. Na ni fedha ambayo sheria haikumdai.

Hatuji kuwaahidi kwamba kilichokwisha kukatwa kitarudi. Tunachosema ni kwamba cha kesho kinaweza kuzuiwa leo.

Sasa, kwa nini wazee wetu hawaendi? Tumeketi nao, nyumba kwa nyumba, Manundu, Kilole, Mtonga na Old Korogwe, na sababu wanazotoa zinafanana.

Sababu ya kwanza ni hofu. Mzee anasema, "Nikijipeleka ofisini si ndiyo nitafunguliwa faili?" Amezoea kwamba karatasi ikiingia ofisini hutoka na deni. Hofu hii haiondolewi na tangazo la redio. Inaondolewa na kijana anayemjua, mtoto wa jirani, aliyemsomea fomu kwa sauti na kumweleza kila mstari unataka nini.

Sababu ya pili ni umri wenyewe. Wengi wa wazee wetu walizaliwa kwenye makambi ya mkonge, watoto wa manamba waliotoka kila pembe ya nchi. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Tarehe ya kuzaliwa ni "mwaka wa njaa" au "mwaka ule mto ulipofurika". Alipoandikishwa, karani alikadiria mwaka, na wengine wamepunjwa miaka yao. Mwenye kitambulisho cha NIDA kinachoonyesha miaka 60 hana shida. Ambaye hana, au chake kina makosa, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kuzungumzia kodi.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo ni umiliki. Ndugu wana Korogwe, katika mji wetu nyumba nyingi bado ziko kwa jina la marehemu. Baba alifariki miaka kumi na tano iliyopita, mama anaishi humo, watoto tumetawanyika, mirathi haikufunguliwa kwa sababu "sisi hatuna ugomvi". Kutokuwa na ugomvi ni baraka, lakini si hati. Sheria inamsamehe mzee anayemiliki. Mama akiulizwa nyumba ni ya nani, karatasi inamjibu kwa jina la mtu aliye makaburini. Na siku moja hao wasio na ugomvi watakuwa wajukuu ambao hawajuani kwa sura, na nyumba itaondoka.

Kwa hiyo tunawasihi, kabla ya kumalizika mwaka, familia zikae. Kikao cha familia kiandikwe muhtasari, cheti cha kifo kitafutwe RITA kama hakipo, msimamizi wa mirathi apelekwe Mahakama ya Mwanzo athibitishwe, mgao ufanyike na nyumba ya mama iandikwe ya mama. Faida ya kodi ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Faida ya mama kulala akijua hakuna atakayemwambia "toka" haina bei.

Lipo na lile linalotugusa sisi wenyewe, tuliojengea wazazi. Umepata kazi, umewaondoa wazee kwenye nyumba iliyovuja, umewajengea ya tofali na bati jipya. Mungu akubariki. Lakini kiwanja umekiandika kwa jina la nani? Kama ni jina lako, nyumba ni yako na kodi ni yako. Mzazi ni mkaaji tu, na hatutampeleka kuombewa msamaha wa nyumba isiyo yake. Kama nia yako ilikuwa kumpa, basi mpe kwa maandishi, mbele ya mwanasheria na mashahidi. Kama nia yako ni kubaki nayo, lipa kodi kwa moyo mkunjufu na usimkate mama kwenye uniti zake. Ongeza 1,500 juu ya fedha ya umeme unayotuma. Hilo halihitaji kamati.

Tuseme pia kidogo kuhusu sisi tunaoishi mijini. Wapo kati yetu wapangaji ambao kila mwezi wanakatwa kodi ya majengo kwenye mita ya nyumba ya mtu. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anakatwa tu kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Tunza ujumbe wa manunuzi, kaa na mwenye nyumba mapema, mkubaliane ipunguzwe kwenye pango, na iandikwe kwenye mkataba. Mwenye nyumba yenye mita kadhaa kwenye jengo moja afike ofisi inayohusika na kodi hii na namba za mita zote, ili jengo lilipiwe kwenye mita moja. Na aliyefunga nyumba yake huko Korogwe bila kununua umeme miezi sita asishangae siku ya kufungua, kwani makato ya miezi yote yanamsubiri.

Turudi kwa wazee, maana hao ndio ajenda. Mzee anayetaka msamaha abebe nini? Sisi tunapendekeza bahasha moja yenye vitu vitano. Kitambulisho cha NIDA, au kingine kinachoonyesha umri. Karatasi ya umiliki, iwe hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano uliopita serikali ya mtaa. Barua ya afisa mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba anaishi humo. Namba ya mita, iliyonakiliwa kutoka kwenye mita yenyewe, isitoke kichwani. Na ujumbe mmoja wa LUKU unaoonyesha makato, ambao wewe mtoto ndiye unao kwenye simu yako. Mwenye ulemavu aongeze uthibitisho wa daktari au wa ustawi wa jamii. Bahasha ipelekwe ofisi inayohusika na kodi hii, fomu ijazwe, na nakala iliyogongwa mhuri irudi nyumbani. Mwezi unaofuata, umeme ukinunuliwa, ujumbe usomwe tena mpaka chini. Kama mstari bado upo, bahasha irudi ofisini na nakala ile.

Mnaona kwamba hakuna kitu kigumu hapo. Kila kimoja peke yake ni chepesi. Ila ukiviweka vyote juu ya bega la bibi wa miaka 74 anayeishi na mjukuu wa darasa la tatu, vinakuwa mlima. Nauli ya bajaji kwenda kwa mtendaji, mtendaji yuko kwenye kikao, rudi kesho. Kurudufu karatasi, picha, nauli tena. Anajumlisha, anaona gharama ya kudai inakaribia kodi ya mwaka, anakaa. Na hesabu yake ni sahihi kabisa kwa mtu mmoja aliye peke yake. Lakini wazee ishirini wa mtaa mmoja wakienda siku moja, kwa gari moja, na kijana mmoja mwenye faili zao zote, hesabu inageuka.

Hilo ndilo tunaloomba mtuwezeshe. Kamati inataka mwaka huu ipite mitaa ya mji wetu mmoja baada ya mwingine. Vijana wetu waliomaliza shule na wako nyumbani watafundishwa kujaza fomu na kukusanya bahasha. Gari litakodiwa siku ya kwenda ofisini. Familia zenye mirathi iliyolala zitapata mtu wa kuwaelekeza hatua za mahakamani na kulipiwa ada pale uwezo usipokuwepo. Hakuna posho ya kamati katika bajeti hii, na matumizi yatasomwa mbele yenu mwakani kama kawaida yetu.

Tunaomba nini? Hatukutaka kubuni kiwango. Tumechukua kile kile ambacho nchi nzima inakijua. Kila mwanachama mwenye nyumba ya kawaida, popote ilipo, achangie shilingi 18,000, sawa na kodi ya nyumba moja kwa mwaka. Lipa ya serikali, kisha lipa nyingine kama hiyo kwa ajili ya mzee mmoja. Wenye ghorofa mnajijua, na sisi tunawajua. Kwenu ni 90,000 kwa kila ghorofa, na tafadhali msitangaze leo kwamba ile ya juu haijaisha kujengwa. Mpangaji asiye na nyumba achangie 1,500, mwezi mmoja tu, na jina lake litaandikwa kwenye daftari lile lile.

Na kuna mchango mwingine usio wa fedha, ambao kila mmoja anaweza kuutoa kabla hajalala. Fungua simu yako, tafuta ujumbe wa mwisho wa umeme uliomnunulia mzazi, uusome mpaka chini. Ukiukuta ule mstari, jiulize mambo matatu: amefika miaka 60? Nyumba ni yake kwa karatasi? Anaishi humo? Ukijibu ndiyo mara tatu, mletee kamati namba ya mita na jina la mtaa kabla hujatoka ukumbini. Ukijibu hapana kwenye lile la karatasi, mpigie ndugu yako mkubwa, muanze kupanga kikao cha familia.

Wazee wetu walichimba mitaro kwenye mashamba ya mkonge, walitandika mataruma ya reli, walitusomesha kwa mshahara wa vibarua, na kwa kilichobaki wakasimamisha vyumba viwili vitatu kando ya Mto Pangani. Kodi yao kwa nchi hii wamekwisha kuilipa kwa mikono. Sheria imelitambua hilo, ikaandika. Kilichobaki ni miguu ya kuwafikishia, na miguu hiyo ni sisi.

 Daftari liko meza ya mlangoni, upande wa kulia, na kalamu ipo. Mungu awabariki, Mungu ibariki Korogwe.